Nyumba Tatu za Mshamu

Alhamdulillahi, nimeweka mwiko wangu wa uashi chini. Magoti ndiyo yaliyotoa uamuzi. Mimi nilitia saini tu. Vijana mliobaki kazini mmeniomba niandike nilivyoishi na kuta za zamani za Kilwa na Lindi tangu miaka ile ya Uhuru, nami nimekubali kwa sharti moja: msitafute humu habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vilichelewa kuja, na mishahara ilikuwa na haraka ya kuondoka. Nitaandika habari za chokaa, za mwalimu wangu wa kazi, na za watu watatu waliokufa zamani wakiwa na jina moja, ambao walinisumbua kuliko wengi walio hai. Mungu awarehemu wote watatu.

Nilizaliwa Rutamba, kwenye shamba la mikorosho la baba yangu. Nilihitimu Kurani mapema, nikaanza kusoma fikihi, na nia yangu ilikuwa kufundisha. Mungu akapanga vingine. Serikali yetu mpya ilikuwa inatafuta vijana wa kujifunza uashi wa zamani, ule wa matumbawe na chokaa, kwa sababu mafundi waliokuwa wakiujua walikuwa wanazeeka, na majengo nayo yanazeeka, na haikujulikana nani atatangulia. Maalim wangu aliniambia, "Nenda. Anayeshikilia ukuta wa msikiti usianguke naye yumo katika ibada." Nikapanda lori la korosho hadi Lindi, na kutoka Lindi nikapata lori jingine hadi Kivinje.

Pale nilimkuta Fundi Issa. Alikuwa mtu wa Rasbura, mfupi, mkavu, mwenye kofia iliyokwisha kuwa na rangi ya ukuta. Alinitazama mikono kabla ya uso.

"Jina lako?"

"Mshamu."

Mafundi wote waliacha kazi. Mmoja alikaa chini kabisa ili acheke vizuri.

"Yarabi, mwingine!" alisema Fundi Issa. "Kijana, hapa ukiita Mshamu sokoni, nusu ya soko inageuka na nusu iliyobaki inauliza yupi. Wewe utaitwa Mshamu wa Rutamba. Haya, shika chekeche."

Nilichekecha mchanga na chokaa hadi nikaota ninachekecha. Nilidhani ni adhabu. Baadaye nilifahamu kwamba ndilo somo lenyewe, kwa sababu mkono unaochekecha unazoea kuijua chokaa: iliyoiva huteleza kama unga wa muhogo, mbichi hukwaruza, na iliyolala siku nyingi kwenye maji huwa kama siagi. Fundi Issa alinifundisha kupaka mafuta ya nazi mikononi kabla ya kazi, chokaa isiniunguze, na nikasahau mara moja tu. Alinifundisha pia kuogopa saruji. "Saruji haina ubaya wowote," alikuwa akisema, "ila haijui kukaa na wazee." Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu na kuutoa, ukiufunika kwa saruji, unyevu hukwama ndani, na ukuta huoza huku uso wake unang'aa. Nimeona baadhi yenu mkikimbilia mfuko wa saruji Ijumaa asubuhi ili muwahi kumaliza. Nimeona, nikanyamaza, sasa nasema.

Tuingie kwenye habari ya jina langu.

Kivinje ilikuwa na nyumba tatu, na kila moja iliitwa Nyumba ya Mshamu. Ya kwanza ilikuwa ya Mshamu wa Sandarusi, mfanyabiashara aliyenunua sandarusi, ule utomvu mgumu uliochimbwa ardhini huko bara ya Kilwa, akawauzia wageni waliotengenezea vanishi. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa, na mlango wake ulichongwa maua hadi pasibaki mahali pa kubisha hodi. Ya pili ilikuwa ya Jumbe Mshamu, aliyekataa kuwalimisha watu wake pamba ya Wajerumani, akakamatwa wakati wa vita vya Majimaji na hakurudi. Nyumba yake ilichomwa. Kilichobaki cha zamani ni chumba kimoja cha mawe, na mengine yote ni udongo wa juzi. Ya tatu ilikuwa ya Maalim Mshamu, aliyetoka Kikole akiwa kijana, akafundisha Kurani maisha yake yote na kunakili misahafu kwa mkono. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote, lakini ilikuwa na baraza refu la chokaa lenye mashimo mashimo. Nilipouliza ni maji gani yaliyolila, Fundi Issa alisema, "Si maji. Ni makalio ya watoto. Wamekaa hapo wakisoma tangu babu zetu."

Watu hawa watatu hawakuwa ndugu, na hawakuishi wakati mmoja wote. Lakini mji uliwachanganya. Ungesikia mtu mzima akimweleza mgeni kwamba Jumbe Mshamu alinakili misahafu gerezani, au kwamba Maalim alikuwa na ghala la sandarusi. Mimi nilikuwa nasahihisha, kisha nikachoka. Nilijipa moyo kwamba Siku ya Hesabu kila Mshamu ataitwa na amali zake, na huko hakuna kuchanganya.

Katika nyumba ya Maalim aliishi mjukuu wake, Bi Mwanahawa, mjane mwenye mvi, aliyeendeleza chuo cha Kurani cha babu yake. Alikuwa na watoto wengi barazani na fimbo moja ambayo sikuwahi kuiona ikimgusa mtu. Siku ya kwanza nilipotumwa kwake kupima ufa wa ukuta, aliuliza jina langu, nikamwambia. Alivuta kanga, akainama kidogo.

"Shikamoo, babu."

Mimi sikuwa nimeota ndevu vizuri. Nilitazama nyuma kuona ni nani anayesalimiwa.

"Itikia," alininong'oneza Fundi Issa. "Unabeba jina la babu yake. Usipoitikia unamkosea marehemu."

"Marahaba, mjukuu wangu," nikasema, jasho likinitoka.

Watoto wakaangua kicheko. Bi Mwanahawa akanizunguka kama mtu anayenunua mbuzi. "Marehemu alikuwa mwembamba zaidi," alisema, "na pua yake haikulala hivi. Lakini si neno, safari yake ilikuwa ndefu. Kaa ule, babu."

Ninyi mliozaliwa mijini pengine mtaona ni mzaha. Ulikuwa mzaha, na haukuwa mzaha. Kwetu mwenye jina lako ni somo yako, na nyumba iliyofiwa na somo yako inakuhesabu kuwa ni yeye. Watakucheka, watakulisha, watakutuma, na watakudai adabu ya marehemu. Na kuna jambo jingine, ambalo nililijua kwa sababu hata Rutamba lilikuwepo: somo akikuomba kitu mbele ya watu, humkatalii, kwa sababu ni kama umejikatalia mwenyewe. Ndiyo maana mtu mwenye haya haombi ovyo.

Miaka ilikwenda. Likaja Azimio, vikaja vijiji vya ujamaa, na wengi wa bara walihamia kwenye mistari ya nyumba mpya. Nasi kazini tulianza kuitana ndugu, isipokuwa Fundi Issa, aliyeendelea kutuita wavivu. Mwaka mmoja, kiangazi, akaja afisa kutoka Dar es Salaam, kijana mpole mwenye miwani. Alileta habari njema: idara imekubali kutengeneza Nyumba ya Mshamu, mtu mashuhuri katika historia ya pwani. Chokaa na boriti vilikuwepo vya nyumba moja.

"Ya Mshamu yupi?" aliuliza Fundi Issa.

"Kwani wako wangapi?"

Fundi Issa alivua kofia, akaivaa tena. "Ndugu Afisa, kaa kwanza. Mleteeni maji."

Kumbe huko makao makuu hawakujua. Mtu mmoja alipita Kivinje, akasimuliwa mambo ya Mshamu watatu kama ya mtu mmoja, akaandika taarifa nzuri sana ya bwana aliyefanya biashara, akapigana na Wajerumani, akanakili misahafu, na naamini hata usingizi hakuupata. Afisa hakukasirika. Alicheka mwenyewe, kisha akauliza tufanye nini, na hilo ndilo lililonifanya nimpende.

Lakini kulikuwa na habari nyingine, na hiyo haikuchekesha. Wilaya ilikuwa imeamua kwamba nyumba zote kuukuu zenye hatari zibomolewe kabla ya masika, na wakaaji wake wapewe viwanja katika kijiji kipya. Haikuwa amri ya uonevu; mwaka uliotangulia ukuta ulikuwa umeangukia jiko la watu, na Mungu tu ndiye aliyewanusuru. Nyumba ya Sandarusi ilikuwa imechakaa lakini imesimama. Chumba cha Jumbe kilihitaji dari. Nyumba ya Maalim ndiyo iliyokuwa mbaya: boriti zimeliwa, ufa wa ukuta wa mashariki unaingia mkono. Isipotengenezwa kiangazi kile, ingevunjwa, na chuo kingekwisha nayo.

Nilimwona Bi Mwanahawa siku moja kabla ya mkutano. Alikuwa anachambua choroko.

"Kijiji kipya nimekiona," alisema. "Kizuri. Kina kisima. Lakini baraza la babu halipandi lori."

"Watoto watapata chuo kingine."

"Watapata. Na mimi nitapata kaburi. Nakuuliza nitapata nini kabla ya hapo." Akasukuma ungo pembeni. "Kesho, babu, utaomba. Wale wawili wana Mshamu wao walio hai. Sisi tulizaa wanawake watupu. Mshamu wetu ni wewe."

Sikulala vizuri, nikamwendea Fundi Issa baada ya sala ya alfajiri. Nilikuwa mwajiriwa wa serikali. Chokaa ile ilikuwa amana, na mtu aliyesoma fikihi hata kidogo anajua amana haigawiwi kwa udugu.

"Saa za kazi huna babu wala mjukuu," alisema. "Una ukuta."

"Na mkutano ni saa za kazi?"

Alilipima swali kama anavyopima ukuta, maana alikuwa mtu mkweli. "Mkutano," alisema hatimaye, "mkutano wowote ule, sijawahi kuuhesabu kuwa ni kazi."

Tulikutana katika darasa la shule, wengi wakisimama madirishani. Afisa akaeleza vizuri: nyumba ni moja, wenyewe waseme, wakishindwa atachagua ile itakayowavutia wageni, yaani yenye mlango. Mbele walikaa wajukuu wawili, kila mmoja akiwa na jina la babu yake. Mzee Mshamu wa Sandarusi alikuwa na kanzu na bakora. Mshamu wa Jumbe alikuwa fundi cherehani, na tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni.

"Ndugu Afisa," alianza Mzee, "mlango wa babu yangu peke yake una historia kuliko nyumba nzima za wenzangu."

"Una historia ya kuwafungia watu nje," alisema fundi cherehani.

"Wewe kaa na sindano zako!"

"Babu yangu alikamatwa na Wajerumani, Mzee. Kwa babu yako walikwenda kunywa chai."

"Chai ile ilikuwa ya kuwachelewesha! Ili babu yako apate kukimbia!"

"Basi ilikuwa chai fupi, maana walimkamata."

Darasa zima lilicheka, na hata Mzee akaficha meno kwa mkono. Lakini kicheko kilipokwisha hakuna aliyekuwa amelegea. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Afisa alivua miwani akaifuta, na nikamwona akitazama upande wa Mzee. Nilijua uamuzi umeshaanza kukaa.

Bi Mwanahawa akasimama kati ya wanawake. Hakupaza sauti, hakuzoea kupaza, watoto wake ndio waliozoea kunyamaza.

"Kila mwenye Mshamu wake amesema," alisema. "Na wa kwetu asikilizwe. Yule pale, ameshika timazi."

Vichwa vikageuka. Kweli nilikuwa nimeshika timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta. Nilikuja nayo kutoka kazini bila kujua. Nikaiweka chini taratibu, kwa sababu uzito wake ni wa shaba na mguu wangu ulikuwa karibu.

"Huyu ni Mmwera wa Rutamba!" alisema Mzee.

"Jina amelitoa sokoni?" Bi Mwanahawa akamjibu. "Anakula kwangu, namwamkia shikamoo. Wewe mwenyewe umemwita somo mara ngapi ulipotaka akuzibie pipa la maji?"

Ilikuwa kweli, na pipa lilikuwa halivuji.

Nikasema bismillahi moyoni. Sikuwatazama watu, niliwatazama wale wawili. "Somo zangu," nikasema, "chokaa siwezi kuiomba. Si yangu na si yenu, ni ya nchi, na mwenye kuigawa amekaa pale. Mlango wa Mzee unastahili. Chumba cha Jumbe kinastahili. Kuta zenu nimezipima kwa mkono wangu, na zitavuka masika, inshallah. Ya Maalim haivuki. Mlicho nacho ninyi ni zamu. Naomba zamu yenu."

Fundi cherehani ndiye aliyeanza. Alitoa tepu shingoni, akaizungusha kidoleni, akasema, "Mimi nimekwisha, jamani. Nimeombwa na jina langu. Chukua, somo."

Mzee aligonga bakora sakafuni. "Ungeniomba mbuzi," alisema kwa uchungu, "ungeniomba mbuzi wewe, ningekupa wawili!" Akamtazama Bi Mwanahawa, akatazama dari, akatazama watu wa madirishani ambao tayari walikuwa wanatabasamu. "Amenifunga, huyu Mmwera. Chukua. Lakini nami ni somo yako, nami naomba, tena hapa hapa mbele ya watu."

"Omba, Mzee."

"Ukijaliwa mtoto wa kiume, usimpe jina hili. Tumeshakuwa wengi!"

Hapo ndipo shule ilipotaka kuanguka kwa kicheko. Nikakubali, ningefanyaje? Mungu alinijalia wavulana wanne, na hakuna Mshamu hata mmoja, na mke wangu amenikumbusha jambo hilo kila alipojifungua.

Afisa alimwinamia Fundi Issa. "Nitatia saini kwa furaha," alisema, "ila nieleze tena. Walikuwa wanagombana, kisha wakatoa. Kwa nini?"

"Tia saini kwanza," alisema Fundi Issa. "Maelezo ni marefu, na masika hayasubiri."

Kazi ile ndiyo iliyonifanya fundi. Kwanza tulishikiza dari kwa magogo, tukatoa boriti mbovu moja moja, kila inapotoka nyingine inaingia, ili ukuta usijue kilichotokea. Ufa hatukuuziba kwa kuusiliba chokaa juu juu. Tuliufungua zaidi, tukaushona kwa mawe marefu kutoka upande huu hadi ule, kama jeraha linavyosafishwa kabla ya kufungwa. Watoto walihamia uani wakasoma huko, na baadhi ya mafundi wenzangu walikumbuka sura walizokuwa wamezisahau. Fundi cherehani alileta vijana wa mtaani kwake kubeba mawe. Mzee naye alikuja kila siku, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe alichobebewa, "kuona zamu yangu inavyotumiwa," na kila siku alikosoa kitu. Mara nyingine alikuwa sahihi. Dari, ambalo kwa nyumba za mawe ndilo paa lenyewe, tulilipiga kwa vijiti vya mbao, wanawake wa mtaa wakiimba, hadi chokaa ikawa ngumu na laini kama bakuli. Baraza tuliliacha na mashimo yake. Afisa aliuliza kama tusawazishe, na Fundi Issa akamwambia hilo si bovu, limetumika tu.

Tulimaliza mawingu yakiwa yameshasimama. Vijana, mtakapofanya dari la kwanza mtajua hofu niliyokuwa nayo. Ukuta unaweza kuusukuma kwa bega ukajua habari zake. Dari halisemi neno hadi mvua ije.

Ilikuja asubuhi moja nikiwa nyumba ya mawe ya upande wa pili wa mji. Haikutanguliza manyunyu, ilishuka yote. Nikaacha vyombo nikakimbia, viatu mkononi, nikipita barabara iliyokuwa imegeuka mto. Nilipokaribia nilisikia sauti za watoto kabla ya kuiona nyumba. Bi Mwanahawa alikuwa amewaingiza chumbani kutoka barazani, na wote walikuwa wanasoma kwa pamoja, kwa nguvu, wakishindana na mvua.

Nikafika mlangoni, nikatia kichwa. Alinyoosha fimbo bila kunitazama. Watoto walikuwa katikati ya sura, na kwake hakuna aliyeruhusiwa kuikata, hata marehemu mwenyewe. Nikarudi nyuma nikasimama chini ya ukingo wa paa, maji yakinimwagikia mgongoni, nikijaribu kuchungulia dari kupitia mabega ya watoto. Sikuona chochote. Nikasubiri. Sura ilikuwa ndefu, na naona aliwarudisha aya chache kwa makusudi.

Walipofika mwisho alifunga msahafu, akaubusu, akauweka juu ya mto. Ndipo aliponitazama nilivyolowa, kutoka kofia hadi vidole vya miguu, na uso wake mzima ukafunguka.

"Ingia, babu," alisema. "Huku ndani kukavu."